Mahafali shambani, mtandao wa siku moja

Fundi Mtandao anajibu barua za wasomaji

Barua za mwezi huu zimefanana. Msimu wa mahafali unakaribia, kumbi zimekuwa ndogo, na vyuo vyetu vya kusini vinapeleka sherehe viwanjani na mashambani ambako hakuna hata tundu la waya ukutani. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana yaliyomo yanawahusu wengi.

*Shikamoo Dada Fundi. Nasimamia TEHAMA katika chuo cha kilimo wilayani Nachingwea. Mwaka huu ukumbi hautoshi, hivyo mahafali yatafanyika kwenye shamba letu la mafunzo, kilomita 3 kutoka chuoni, wiki ya kwanza ya Desemba. Tunategemea watu 700. Mkuu wa chuo anataka sherehe irushwe mbashara, wageni wapate Wi-Fi, na wahasibu wapokee malipo ya majoho na picha palepale. Chuoni tuna faiba ya Mbps 50. Shambani simu inakamata mstari mmoja, tena ukipanda juu ya tela la trekta. Mtandao niufikisheje, na ninunue nini?*
*Msimamizi wa TEHAMA, Nachingwea*

Marahaba, mdogo wangu. La kununua tuliache kwanza. Waliokutangulia hapo Nachingwea walikuja na matrekta mengi mwishoni mwa miaka ya 1940 kulima karanga za Waingereza, na kufikia 1951 mpango mzima ulikuwa umeachwa. Walianza na mashine kabla ya kuijua ardhi na mvua yake. Wewe anza na miguu yako. Tembea zile kilomita 3.

Ukiwa na faiba chuoni, njia iliyo bora kwako ni kuuvusha mtandao huo hewani kwa antena mbili zinazotazamana, moja chuoni na nyingine shambani. Antena za namna hiyo zinazotumia masafa ya GHz 5 huvuka kilomita 3 bila kuhema, na hazili bando. Sharti lake ni zionane. Kuonana ninakokusema si kule kwa macho tu. Wimbi la redio halipiti kama kamba iliyovutwa. Linatanuka katikati ya safari kama yai, kisha linajikusanya tena mwisho. Kwa kilomita 3 kwenye GHz 5.8, unene wa yai hilo pale katikati ni kama mita 6 kwenda juu na mita 6 kwenda chini kutoka kwenye mstari. Unatakiwa kuacha wazi angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo, yaani karibu mita 4 juu ya kila mti ulio kati. Kama katikati ya njia yako kuna mikorosho yenye urefu wa mita 9, mstari wako upite kwenye mita 13. Kwa hiyo tafuta mnara wa tangi la maji, paa la ghorofa, kichuguu, chochote kilichokwisha kuinuka, kabla hujafikiria kusimamisha bomba.

Sasa nikueleze jambo lililonifunza kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliunganisha uwanja wa chuo kimoja upande wa pwani ya Lindi. Nilikwenda kupima mwezi Septemba. Kati ya antena zangu palikuwa na mibuyu minne, na nilipotazama kwa darubini niliona matawi matupu na anga nyuma yake. Kipimo cha nguvu ya wimbi kikasoma hasi 58 (kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyozidi), nguvu nzuri kabisa. Nikaandika kwenye daftari kwamba njia iko wazi, nikarudi Mtwara nimeridhika. Sherehe ilikuwa katikati ya Desemba. Nilipofika siku moja kabla, mvua zilikuwa zimeshaanza na ile mibuyu imevaa majani hadi ncha. Jani ni maji, na maji huyameza mawimbi ya GHz 5. Kipimo kilisoma hasi 79, na upepo ukitikisa matawi kilishuka zaidi. Ilinibidi niombe ngazi usiku na kuhamishia antena juu ya kanisa la jirani. Tulifanikiwa saa 9 usiku. Kijana niliyekuwa naye alikuwa na homa na sikumruhusu kupanda, nikapanda mwenyewe.

Kwa hiyo mdogo wangu, wewe uliye Nachingwea, katikati ya miti inayopukutika kiangazi na kuchipua mvua zikikaribia, usipime Septemba ukaamini ni Desemba. Pima sasa, uandike aina ya kila mti ulio njiani, na uwaulize wazee wa hapo mti upi huvaa majani mwezi gani. Mzee aliyechunga mbuzi chini ya mti huo miaka 40 anaujua kuliko kifaa chako. Lenga kupata hasi 60 au bora ya hapo, ubakiwe na akiba ya kupambana na majani na mvua.

Nguzo ya upande wa shambani ifungwe waya tatu au nne za kuizuia, zikazwe ardhini kwa vigingi vya chuma. Antena ikicheza digrii chache tu kwa upepo, mtandao wote unacheza. Na kwa kuwa Desemba ni mwezi wa radi kwenu, chomeka fimbo ya chuma ardhini na uunganishe nguzo nayo. Wingu zito likikaribia, zima na mtoke chini ya nguzo. Hakuna mahafali yanayostahili mtu kupigwa radi.

Mtandao ukishafika shambani kazi inakuwa nusu. Nusu iliyobaki ni kuwagawia watu, na hapa ndipo wengi tunaposhindwa huku vifaa vyetu vikiwaka taa za kijani.

Kaa na mkuu wa chuo umuulize kipi hakitakiwi kukatika hata dakika moja. Atakujibu vyote. Muulize tena kwa upole. Mwishowe atasema mbashara, kwa sababu kuna mzazi yuko Dar, kuna dada yuko Muscat, na hao ndio wasioweza kuja. Basi mbashara ipate njia yake, kwa waya, kutoka kamera hadi swichi (kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao), pasipo Wi-Fi kabisa. Picha ya 720p inataka kama Mbps 4 za kupandisha, mfululizo, bila kuyumba. Itengee 10 katika zile 50. Wahasibu watengee 5 katika mtandao wao uliofichwa na wenye nenosiri lao. Zinazobaki, 35, ni za wageni, na kila simu iwekewe kikomo cha Mbps 2. Bila kikomo, vijana watatu wanaopakua filamu nyuma ya jukwaa watawanyima watu 200 ujumbe wa pongezi. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Visambazaji vya Wi-Fi, kwa watu 700, hesabu hivi. Tuseme simu 250 hadi 300 zitakuwa hewani kwa wakati mmoja. Kisambazaji kimoja kwenye karatasi ya kiwanda huandikwa kinabeba simu mia na zaidi; kwenye turubai, juani, watu wakirusha picha, mimi nakihesabia 50. Kwa hiyo ni sita. Viinue mita 3 juu ya ardhi, kwa sababu mwili wa mtu umejaa maji kama lile jani la mbuyu, na kisambazaji kilichowekwa juu ya meza kinawafikia waliokaa mstari wa kwanza tu. Kwenye masafa ya GHz 2.4 kuna nafasi tatu pekee zisizoingiliana, 1, 6 na 11. Visambazaji vilivyo jirani vipe nafasi tofauti. Kisha fanya jambo ambalo litakuonekea la ajabu: punguza nguvu ya kila kimoja. Ukiviacha vyote vipige kelele kwa nguvu yote vinazibana sauti, na simu hung'ang'ania kile cha mbali iliyokipata getini badala ya kile kilicho juu ya kichwa cha mwenyewe.

Halafu kuna anwani. Soma aya hii mara mbili, tafadhali.

Kila simu inayojiunga hukopeshwa na ruta anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni. Ruta nyingi zikitoka dukani zina anwani zisizozidi 253 za kukopesha, na mara nyingi humkopesha mtu kwa saa 24. Nyumbani hilo halina neno. Mwaka mmoja, kwenye mahafali ya chuo fulani njia ya Masasi, sikubadilisha. Ijumaa palikuwa na mazoezi ya maandamano. Wahitimu 180 wakajiunga, na watoto wa mtaa wakaja kukaa ukutani na simu za kaka zao, nao wakajiunga. Jumamosi saa 4 asubuhi, wageni walipoanza kushuka kwenye mabasi, anwani zilikuwa zimekwisha. Antena nzima, faiba nzima, kasi ipo, na simu za watu zinazunguka tu zikiandika zinatafuta anwani. Nilitafuta kosa kwenye nyaya kwa saa nzima kwa sababu sikuwaza kwamba liko kwenye hesabu niliyoijua.

Alikuwepo mama mmoja mwenye kitenge cha bluu. Mume wake alikuwa mgonjwa nyumbani, na alikuwa amemwahidi kumpigia video binti yao akiitwa jina. Alinyanyua simu chini ya mkorosho, akaishusha, akainyanyua tena. Jina likasomwa, likapita. Akaikunja simu kwenye khanga. Hakunilaumu, hakujua hata kama mimi ndiye ninayehusika. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachogusa kwenye ruta ya sherehe ni hicho. Weka anwani 1,021 za kukopesha, ruta itakuruhusu ukibadilisha ukubwa wa mtandao kuwa /22, na muda wa kukopesha uwe saa moja. Ni kazi ya dakika mbili.

Umeme nitausema kwa ufupi. Usichomeke vifaa vyako kwenye jenereta ya muziki. Visambazaji sita, antena, swichi na ruta kwa pamoja havizidi wati 150. Betri moja ya sola ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200; ukitumia nusu ili usiiue, unapata kama saa 4. Beba mbili. Jenereta iwe ya kuzichaji. Kebo ya mtandao isizidi mita 100 kipande kimoja, na ifukiwe au ipitishwe juu penye njia ya magari, kwa maana gari la mgeni rasmi halitaangalia chini.

Sasa ununue nini? Antena mbili, labda, na betri. Visambazaji visivyo na kazi mwishoni mwa wiki viko ofisini kwenu, madarasani na maktaba. Vishushe Ijumaa, virudishe Jumapili. Vya kukosekana azima chuo jirani, ukiandikiana nacho. Usiagize kitu Dar wiki ya mwisho. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mvua, barabara ikakatika Somanga kule Kilwa, na mizigo ya kusini ikakaa njiani. Kifaa kisichofika siku tatu kabla, kwangu mimi hakipo.

Na siku ya mazoezi waombe wahitimu wote wawashe simu zao na kufungua video kwa pamoja kwa dakika tano. Watafurahi, na wewe utajua. Ukishapima zile kilomita 3 nitumie urefu wa nguzo zako na majina ya miti iliyopo njiani, nitakujibu kabla toleo lijalo halijatoka.

*Dada Fundi, habari za kazi. Mimi ni kiongozi wa wanafunzi hapa Mtwara mjini. Tuna mdahalo na michezo kule Msangamkuu Jumamosi, watu kama 60. Tumepanga wenye bando kubwa wawashe hotspot, tugawane. Inatosha?*
*Kiongozi wa wanafunzi, Mtwara*

Nzuri, mwanangu. Haitatosha. Simu nyingi hukubali wenzake kama kumi tu, na simu inayogawa mtandao juani kwenye mchanga hupata moto, ikajipunguza kasi au kuzima kabisa kuilinda betri. Tena hotspot sita zilizokaribiana zitagombania nafasi zilezile tatu nilizomweleza ndugu wa Nachingwea.

Changeni mpate ruta mbili ndogo za 4G zenye laini za mitandao miwili tofauti. Kabla ya Jumamosi mmoja wenu avuke na pantoni, saa ileile ya mdahalo, apime kila laini kwa kupandisha faili na si kupakua peke yake. Itakayoshinda iwe ya mdahalo. Nyingine iwe ya akiba. Ziwekwe kivulini, juu kwenye nguzo ya turubai, na kwenye mfuko wa plastiki usiobana, maana chumvi ya bahari yetu inakula vichwa vya nyaya. Kichwa cha kebo nilichokiacha wazi Shangani kilibadilika kijani ndani ya miezi miwili.

Na wale wenye mada wapakue nakala zote wakiwa bado mjini, waje nazo kwenye kompyuta. Mdahalo usisimame kwa kungoja karatasi ifunguke.

*Fundi, nakusalimu. Ni afisa ugani, nashirikiana na watafiti kwenye shamba darasa la korosho Tandahimba. Siku ya wakulima tunasajili watu kama 300: jina, kijiji, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), idadi ya mikorosho. Asubuhi mtandao wa simu ni mzuri. Wakulima wakifika tu, unakufa. Nimeambiwa dawa ni sahani ya satelaiti. Ni kweli? Bei yake imetushtua.*
*Afisa ugani, Tandahimba*

Salama, Bwana Shamba. Kwanza nikutoe hofu kwamba simu zenu ni mbovu. Mnara wa simu vijijini umepangwa kwa idadi ya watu wa kila siku. Ukiongeza watu 300 mahali pamoja, kila mmoja na simu mfukoni inayoongea na mnara hata kama mwenyewe hajaigusa, zamu zinajaa. Mistari kwenye kioo inabaki mitano kwa sababu inapima nguvu ya wimbi, haipimi foleni. Mkiwaandikia kampuni ya simu mapema, kwa barua yenye tarehe, mahali na idadi ya watu, wakati mwingine huongeza uwezo wa mnara au huleta mnara wa muda juu ya gari. Andikeni miezi miwili kabla. Barua ya wiki moja kabla hujibiwa baada ya sherehe.

Kuhusu satelaiti. Ipo inayofanya kazi, na mahali pengine ndiyo pekee. Zile za zamani zinazokaa kilomita 36,000 juu ya ikweta zinafaa kutuma taarifa, ila sauti na video huchelewa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, na mazungumzo yanakuwa ya kukatizana. Zinazozunguka chini, kilomita mia chache tu, hazina tatizo hilo. Yoyote mtakayoifikiria, mtoa huduma awe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla hamjalipa hata shilingi, kwa sababu sahani inayotolewa uwanjani mbele ya Mkuu wa Wilaya ni aibu ya taasisi nzima.

Lakini Bwana Shamba, nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali unapohitaji intaneti, sijapaona. Unahitaji kuandika majina 300 yasipotee. Hilo ni jambo jingine, na ni rahisi kuliko ulivyoambiwa.

Wekeni fomu kwenye simu za wasajili kwa programu kama ODK Collect au KoboCollect. Fomu inapakuliwa mkiwa mjini. Shambani msajili anajaza bila mtandao wowote, hata picha ya mti na mahali ulipo kwa GPS, kwani GPS husikiliza satelaiti zake yenyewe na haitaki bando. Jioni mkirudi Tandahimba mjini, au alfajiri wakati mnara umepumzika, fomu zote zinapanda zenyewe. Wasajili sita, kila mkulima dakika tatu, mnamaliza watu 300 kwa saa mbili na nusu.

Kama mnataka wakulima waone picha na video za kupulizia salfa au kubebesha miche, chukueni kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, Raspberry Pi au hata kompyuta mpakato ya zamani, muiwekee kurasa na video zenu, muiunganishe na kisambazaji kimoja cha Wi-Fi. Mkulima anajiunga, anafungua, anaona, anapakua kwenye simu yake. Hatumii bando lake, na nje ya shamba mtandao ukifa ninyi hamna habari. Betri ya pikipiki inaweza kuiendesha Raspberry Pi kwa saa kadhaa.

Naipenda njia hii kwa moyo wote, na sababu yake ni tarehe 12 Mei 2024. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikapotea au kusuasua nchini kwetu na kwa majirani. Siku ile nilikuwa na wenzangu wenye laini za kampuni mbili tofauti, tukiamini tuna akiba. Laini zote mbili zilikuwa zinakwenda kunywa kwenye kisima kimoja. Kilichoendelea kufanya kazi ni kile tulichokuwa tumekiweka kwenye meza yetu wenyewe. Toka hapo, kwa kila shughuli ya nje ya mji huwa nauliza kipi kinaweza kukaa palepale uwanjani, na ninashangaa kila mara jinsi vilivyo vingi.

Moja la nyongeza kwa wasomaji wa Newala na Tandahimba walio karibu na ukingo unaotazama bonde la Ruvuma: simu huko juu zinaweza kukamata mnara wa ng'ambo ya mto. Zimeni kwenye simu za wasajili huduma ya kutumia mitandao ya nchi nyingine, msije mkakuta salio limekwenda Msumbiji.

*Mpendwa Fundi, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Lindi. Mwaka jana nilikwenda kwenye sherehe ya chuo cha mwanangu. Ili kupata Wi-Fi ya bure ulijaza jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha taifa na unapoishi. Nikajaza. Tangu hapo napokea ujumbe wa mikopo na wa mashindano nisiyoyajua. Najuaje kama ni kwa sababu ya ile Wi-Fi, na nimlalamikie nani?*
*Mama, Lindi*

Shikamoo mama. Nimeumia kuisoma barua hii, kwa kuwa waliokuuliza hayo ni watu wa kazi yangu.

Kwamba ujumbe umetokea pale, hatuwezi kulithibitisha kwa kuangalia simu yako tu. Lakini swali lenyewe walilokuuliza halikuwa sahihi. Wi-Fi ya saa tano haihitaji namba ya kitambulisho cha mtu wala mahali anapolala. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayotaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze anazikusanyia nini, asichukue zaidi ya anachohitaji, na asizitumie kwa jambo jingine. Andika barua kwa chuo kile, fupi tu: siku niliyokwenda, nilichojaza, naomba kujua mlikipeleka wapi, na naomba mkifute. Bakiza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo inapokea malalamiko. Mwanao akusaidie kuandika, ila sahihi iwe yako. Ujumbe unaoendelea kuingia usiubonyeze, wala usimjibu mtu anayekuomba namba ya siri.

Na ninyi mafundi wenzangu mnaosoma hapa, kwa sherehe ya siku moja nenosiri lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye ratiba linatosha. Wekeni mpangilio unaozuia simu ya mgeni kuiona simu ya mgeni mwingine, upo kwenye karibu kila ruta ya kazi. Chuo kilichojiunga na eduroam, Wi-Fi ya pamoja ya vyuo, kiruhusu wageni wa vyuo vingine waingie kwa akaunti za vyuo vyao, wasijaze kitu. Jioni mtandao uzimwe, nenosiri life, kumbukumbu za ruta zifutwe baada ya muda mliokubaliana na uongozi kwa maandishi. Mimi nabeba karatasi moja yenye maneno hayo, nasaini na mkuu wa chuo kabla sijafungua hata boksi la waya. Mkuu mmoja aliniuliza kwa nini nasumbuka na karatasi wakati wageni wanaingia getini. Nilimwambia mama zetu wako humo ndani. Akasaini.

Barua za toleo lijalo zitumwe mapema, hasa kutoka Liwale, Ruangwa na Nanyumbu, kwani huko sijapata swali hata moja mwaka huu na najua mahafali yapo. Mnaouliza kuhusu antena andikeni umbali, miti iliyopo njiani, na mwezi wa sherehe.